Je, Mkulima Akataye Mti Ana Lawama?

Katika toleo moja la ukurasa huu tuliandika ya kwamba mkulima wa nchi za mlimani akataye miti ya asili, akalijaza shamba lake mmea wa namna moja tu, ni mtu asiyeijua thamani ya neema aliyo nayo, na kwamba dawa yake ni kufundishwa. Maneno yale yaliwapendeza wengi, nasi yalitupendeza zaidi. Leo twaandika kuyarejea. Tumeona ya kuwa hayakuwa ya haki, na mwenye kushika kalamu kwa kutaka kutengeneza mambo ya watu hana budi kuyatengeneza kwanza maneno yake.

Kilichotugeuza ni siku mbili tulizokaa Kianyaga, katika Kirinyaga, watu wanne wa darasa letu. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mwenye eka mbili na robo juu kidogo ya mji, nusu yake kahawa, na nusu ya pili migomba, mahindi, maharage, viazi vikuu na majani ya ng'ombe. Mpakani amepanda migrevilea, mti uliotoka Australia ambao watu wa huko huuita mukima. Katikati ya kahawa palikuwa na kisiki kipana, nasi tukauliza kilikuwa cha mti gani. Akasema ni muringa, mti wa asili wenye maua meupe yapendwayo na nyuki, na mbao zake hufanywa mizinga na milango. Mmoja wetu, kwa haraka ya ujana, akamwambia: "Mzee, mti kama huo hukuuonea huruma?" Mzee hakukasirika. Alisema: "Mwanangu, mti ule ulimlipia mjukuu wangu karo ya mwaka mzima. Lau ningeuacha, yule mtoto ningemwambia nini? Na kama mti ni wa nyuki, na wa ndege, na wa watu wa Mwea wanaotaka maji, mbona karo mliniachia mimi peke yangu?"

Tulinyamaza, na tulikuwa na haki ya kunyamaza. Suala lile ndilo tulilorudi nalo, na ndilo tutakalo kulitazama hapa. Je, mtu ana lawama asipowapa wengine kitu ambacho wao hawamlipi, wala hawamshukuru, wala pengine hawajui kwamba anacho?

Kwa wasomaji wetu wasioijua nchi ile, yafaa tueleze kidogo. Apandaye kutoka tambarare ya Mwea kwenda Mlima Kenya hupita kwanza katika majaruba ya mpunga, kisha mahindi na maharage, kisha kahawa, ambako ndiko Kianyaga iliko, kisha majani ya chai, na mwisho msitu wenyewe. Maji huteremka kwa njia ile ile kinyumenyume. Mito ya Thiba na Nyamindi yatoka mlimani, yapita chini ya mashamba ya watu kama mwenyeji wetu, ikafika Mwea, ambako mradi wa umwagiliaji ulianzishwa mwaka 1954 kwa mikono ya wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari, nao leo hutoa sehemu kubwa ya mpunga wa Kenya. Bwawa la Thiba, lililofunguliwa Oktoba 2022, lina nafasi ya mita za ujazo zaidi ya milioni 15. Yasiyobaki mashambani huenda mto Tana na kuzungusha mitambo ya umeme. Basi udongo unaoporomoka kutoka katika mteremko wa mzee mmoja Kianyaga huishia katika mfereji wa mtu asiyemjua, na katika bwawa la taifa zima.

Hayo ni ya maji. Wingi wa namna za viumbe, ambao wataalamu wa leo wauita bayoanuwai, una mambo zaidi ya maji: wadudu wachavushao maua, ndege walao viwavi, minyoo ilainishayo udongo, na mbegu za namna nyingi ili ugonjwa ukiua moja nyingine ibaki. Kahawa ya Kirinyaga ni ushahidi mzuri wa jambo hili. Aina za SL28 na SL34, zilizochaguliwa katika miaka ya 1930 na zilizoipa nchi ile jina kwa walaji wa kahawa duniani, hushikwa upesi na chulebuni na kutu ya majani. Shamba lililojaa mikahawa hiyo peke yake halina budi kupigwa dawa mara kwa mara, na mkulima asiye na fedha ya dawa msimu mmoja hupoteza mavuno yake. Aina ya Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, nazo zina kinga zaidi, na kinga hiyo ilitoka katika aina nyingine za kahawa ambazo mtu fulani mahali fulani hakuzitupa.

Watu wengi hudhani, kama tulivyodhani sisi, ya kwamba mkulima hayajui hayo. Tuliyoyaona hayakubaliani na dhana hiyo. Mwenyeji wetu alitutajia miti ya pale kwa majina na kazi zake bila kusita: mukinduri kwa kuni, mutundu kwa kivuli na dawa, muiri ambao gome lake hutakwa na waganga na wafanya biashara, mukungugu ambao viazi vikuu hupandishwa juu yake. Alijua ni mti upi hugombana na kahawa kwa maji na upi huishi nayo kwa amani. Mwanachuoni Alfonso Peter Castro, aliyeandika kitabu kizima juu ya misitu ya Kirinyaga kilichotoka mwaka 1995, ameonyesha kwamba watu wa Ndia na Gichugu walikuwa wakitunza na kupanda miti mashambani mwao tangu zamani, na kwamba gome la muwati lilipopata soko wakati wa ukoloni waliupanda kwa wingi. Wasingeliweza kufanya hivyo watu wasiojua miti. Wala ujuzi huo haukupotea. Lililokuwa likipungua kila mwaka ni sababu ya kuutumia.

Tuangalie walivyotendewa. Baada ya Vita vya Pili serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Mkoa wa Kati kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, asubuhi kadhaa kila juma, bila malipo, na kazi hiyo iliwaangukia wanawake zaidi. Mwaka 1947 watu wa Murang'a waligoma, na mwaka uliofuata wanawake wakaandamana. Matuta yenyewe yalikuwa na faida, hilo halikanushiki. Lakini jambo jema likiletwa kwa fimbo huchukiwa pamoja na fimbo, na kwa miaka mingi kutaja matuta kulikuwa ni kutaja udhalimu. Machakos nako watu walilazimishwa vivyo hivyo, nako walichukia. Lakini baadaye, walipokuwa na masoko karibu, na ardhi iliyo yao, na vikundi vyao vya kusaidiana viitwavyo mwethya, walichimba matuta kwa khiari yao na kwa fedha zao, hata watafiti watatu, Tiffen, Mortimore na Gichuki, wakaandika mwaka 1994 kwamba nchi ile ilikuwa na watu wengi zaidi na mmomonyoko mchache zaidi kuliko miaka 60 iliyotangulia. Mlima ni ule ule na tuta ni lile lile. Kilichobadilika ni nani aliyeamua.

Habari ya kahawa ni ndefu zaidi. Kwanza Waafrika walizuiliwa kuipanda, isipokuwa majaribio madogo yaliyoruhusiwa katika miaka ya 1930 huko Kisii, Meru na Embu, ambayo Kirinyaga ilikuwa sehemu yake wakati huo. Kisha ukaja mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vya ardhi vikakusanywa, hati zikatolewa, na mkulima aliyekuwa akikatazwa jana akahimizwa leo. Alihimizwa kwa masharti. Kahawa isimame peke yake, safi, kwa mistari. Maharage yasiwe katikati, migomba isiwe katikati, mti wa kivuli uondoke. Bwana shamba alipokuja akakuta mchanganyiko, aliuita uchafu. Sheria ya kahawa ya zamani ilimkataza mtu hata kung'oa mikahawa yake mwenyewe bila ruhusa. Mzee wetu alikumbuka baba yake akikata miti ya asili katika shamba ili asionekane mvivu mbele ya wakubwa.

Mwaka 1989 Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na mavuno ya Kenya, yaliyokuwa yamefika karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, yakateremka hata katika miaka ya karibuni yakawa tani 50,000 au chini ya hapo. Watu wa mlimani wakaachwa na mikahawa isiyolipa, wasiyoruhusiwa kuing'oa, na miti waliyokwisha kuikata kwa kutii. Na leo, ndugu msomaji, huja gari jingine lenye watu wengine, wakamwambia mwana wa yule aliyekata: "Kahawa ya kivuli ndiyo njema, changanyeni mimea, rudisheni miti ya asili." Hapana shaka wasemayo ni kweli. Lakini mtu akitazama shingo upande na kuitikia kwa mdomo tu, tumwite mjinga? Sisi twamwita mtu mwenye kumbukumbu.

Hapa tuna neno letu wenyewe la kukiri, kwani latugusa sisi tulio katika kazi ya islahi kuliko wengine. Zamani palikuwa na vichaka katika Kirinyaga visivyoguswa na shoka, vyenye mugumo mkubwa katikati, ambapo wazee walitambika. Wamisheni walifika Kabare mwaka 1910 wakafundisha kwamba mti hauna nguvu. Waalimu wetu wa Kiislamu, popote walipofika, walifundisha hivyo hivyo, nasi hatutasema vingine: mti hauabudiwi, wala hauombwi mvua. Baada ya mafundisho hayo, na baada ya kugawanywa ardhi, vichaka vingi vilifyekwa. Lakini vile vichaka vilikuwa na kazi mbili, na sisi tuliona moja. Vilikuwa mahali pa tambiko, ndiyo, na pia vilikuwa ndicho kipande pekee ambapo mbegu za miti yote ya nchi ile zilikuwa zikihifadhiwa bila mtu kulipwa wala kulazimishwa. Tuliondoa khofu iliyolinda, wala hatukuweka wajibu mahali pake. Mtu aliyeacha kumwogopa mugumo alipaswa kukuta amefundishwa kuutunza kama amana. Alikuta hakufundishwa lolote, akauza kuni. Wenzetu wa zamani walikuwa na wakfu wa visima na mashamba katika pwani yetu hii, wakijua ya kwamba kitu cha watu wote hakilindwi na moyo wa mtu mmoja. Tungaliweza kuyapeleka mawazo hayo bara. Hatukuyapeleka.

Basi turudi kwenye suala. Kuna jambo moja ambalo, kadiri tulivyouliza watu, lilijitokeza mbele ya mengine yote, nalo ni kesho ni ya nani. Mti wa asili huchukua miaka 20 au 30. Apandaye sharti awe na yakini kwamba siku ya kivuli atakuwapo yeye au mwanawe. Katika mila ya Wagikuyu na jirani zao, muhoi, yaani aliyepewa ardhi alime kwa hisani, hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, kwani kupanda mti kulikuwa ni kudai ardhi. Mila hiyo haikufa. Leo wako vijana wengi wanaokodi nusu eka kwa msimu mmoja wapande nyanya au maharage ya kuuza. Ukimwambia mmoja wao apumzishe udongo, aweke mboji, apande mti, atakucheka, na ana haki: mwakani shamba litakuwa la mkodi mwingine. Yeye huchukua alichokilipia, kwa dawa kali na mbolea ya dukani, akaondoka. Na mwenye ardhi yake naye huyagawa kwa wana. Eka mbili na robo za mzee wetu zina wana wanne. Mmoja wetu alifanya hesabu hiyo kichwani akatutazama, wala hapana aliyeisema kwa sauti.

Ushahidi wa nguvu wa neno hili watoka mbali, katika nchi ya Niger, kwa Waislamu wenzetu wakaao ukingoni mwa jangwa. Chini ya sheria zilizotoka kwa Wafaransa miti ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, hata iliyoota katika shamba la mtu. Mkulima aliyeukata bila ruhusa alitozwa faini. Basi alikuwa aking'oa mche ungali mdogo, asije akafungwa kwa sababu ya mti mkubwa. Tangu miaka ya 1980 wakulima wa Maradi na Zinder walianza kuachiwa, kwanza kwa watumishi wa serikali kufumba macho, kuitunza miti hiyo na kuitumia kama yao. Hawakupewa miche wala fedha nyingi. Waliacha tu visiki viote, wakavipogoa. Hekta kama milioni 5 zikarudiwa na miti, ambayo hukadiriwa kuwa milioni 200. Watu wale wale waliokuwa wakiitwa waharibifu!

Na kwetu Kenya mfano wa kinyume ulikuwa katika mbegu. Kwa marekebisho ya mwaka 2012 sheria ya mbegu ilifanya kuwa kosa kuuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa na kusajiliwa, na adhabu ilifika miaka 2 jela au shilingi milioni 1. Mama aliyempa jirani yake mbegu za mtama au za maharage za bibi yake alikuwa, kwa herufi za sheria, mkosaji. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo havipatani na Katiba. Tunawapongeza kwa moyo wote. Lakini miaka 13 ya khofu haiondoki kwa hukumu ya siku moja, na mbegu iliyokosa kupandwa miaka hiyo yote mara nyingi haipo tena ya kurudishwa.

Twaja sasa kwenye fedha, ambako darasa letu liligawanyika, na mabishano yaliendelea hata usiku. Wengine walisema: mkulima akilipwa kwa kuutunza mti, hajafanya wema, amefanya biashara, nia imeharibika, na siku malipo yatakapokoma shoka litarudi. Wengine wakasema mkono mtupu haulambwi.

Yafaa tuone kwanza malipo yenyewe ni ya namna gani. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, aliyeanzisha harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2004, aliwalipa wanawake senti 4 za dola kwa kila mche ulioishi. Mpango wa TIST, ulioanza Tanzania mwaka 1999 na Kenya mwaka 2004, hukusanya wakulima kwa vikundi vidogo, na kiwango chake cha msingi kimekuwa senti 2 za dola kwa mti kwa mwaka, pamoja na ahadi ya asilimia 70 ya faida ya biashara ya kaboni itakapopatikana. Mtu mwenye miti 500, na si wengi katika eka mbili, hupata dola 10 kwa mwaka kwa hesabu hiyo ya kwanza. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu, uliozinduliwa mwaka 2015 ili wanaonywa maji ya Nairobi wawasaidie walimao juu yake, huwapa wakulima miche, mafunzo na msaada wa kuchimba visima vya kuvuna mvua. Nao ulianza katika mabonde matatu, Thika na Chania, Maragua, na Sagana na Gura, ambayo Thiba haimo.

Tukitazama viwango hivyo, twaona ya kuwa hofu ya kuharibika nia ni ya mtu aliyeshiba. Hapana anayetajirika kwa senti 2. Fedha hizo hazinunui moyo wa mtu. Zamwonyesha tu kwamba ameonekana. Mwalimu wa chuo hupewa mshahara, na muadhini hupewa posho, wala hatusemi kwamba elimu na adhana zimekuwa bidhaa. Wanawake wa Wangari hawakuacha kupanda kwa sababu senti zilikuwa chache. Wengi waliendelea kwa sababu kuni zilikuwa zimekaribia mlango.

Ila wenzetu wa upande wa kwanza wana haki katika jambo moja. Malipo huchagua. Mti unaolipwa ndio unaopandwa, na soko la Kianyaga hulipa mgrevilea na mkaratusi: mmoja kwa mbao, mwingine kwa nguzo na kuni za viwanda vya majani ya chai. Ndiyo maana atazamaye vilima vile kwa mbali huona kijani tele akashukuru. Akikaribia, huona mti ule ule umerudiwa mara elfu. Watafiti wa kituo cha kilimo-msitu cha Nairobi wamekuta kuzunguka mlima huo namna nyingi za miti ya asili mashambani, nyingi kati yake zikiwa mti mmoja hapa na mmoja kule, na mgrevilea ukizitawala zote kwa idadi. Kanuni za serikali za mwaka 2009, zinazomtaka kila mkulima awe na miti katika asilimia 10 ya shamba lake, huridhika na mistari hiyo. Kadhalika lengo la taifa la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ambalo kwalo watu walipewa siku nzima ya mapumziko Novemba 2023: ni hesabu ya miti, na hesabu haiulizi ni mti gani.

Rai yetu, baada ya mabishano yote, ni hii, wala hatudai kwamba ndiyo ya mwisho. Kuna kumdhuru jirani, na kuna kutomnufaisha mtu wa mbali, na haya mawili tuliyachanganya tulipoandika mara ya kwanza. Mtu apandaye mikaratusi ukingoni mwa chemchemi inywewayo na nyumba kumi, ikakauka, amedhuru. Hana dai la kulipwa ili aache kudhuru. Mwaka 2009 na 2010 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, alipoamrisha mikaratusi iondolewe kandokando ya mito, wengi walinung'unika, nasi twaona alikuwa na haki, ijapokuwa amri ilitekelezwa huku na kule ikasahauliwa. Vivyo hivyo amwagaye mtoni maji ya kuoshea pampu ya dawa. Hao twawalaumu leo kama jana, wawe maskini au matajiri; na baadhi yao, tumewaona, si maskini hata kidogo.

Lakini aliyeacha muringa usimame miaka 30 katikati ya kahawa yake alikuwa akitoa. Alimpa nyuki, alimpa ndege, aliwapa Mwea, alitupa sisi tusiowahi kufika. Siku alipoacha kutoa hakumdhulumu mtu. Ni sisi tuliokuwa tukipokea miaka 30 bila kuuliza jina lake. Kumwita mkosaji ni kama mgeni aliyekula kwa mtu kila siku, siku sufuria ilipokosa akamshtaki mwenye nyumba kwa uchoyo.

Wala tusisahau kwamba walio jirani na msitu hutoa zaidi ya kivuli. Tembo wa Mlima Kenya walikuwa wakishuka usiku na kula kwa saa moja mahindi ya mwaka. Ua wa umeme ulioanza kujengwa kuuzunguka mlima mwaka 2012 umewapa wengi usingizi, na mama mmoja wa upande wa juu alituambia tangu ua ufike kwao ndipo alipoweza kuupenda msitu. Mtu atampendaje jirani anayemla?

Siku ya kuondoka tulikwenda tena kwenye kile kisiki, kwa kutaka kumwambia mzee kwamba tutayarejea maneno yetu. Alikuwa ameshuka mjini kwa chama cha ushirika. Tulimkuta mke wake akipalilia kahawa, na hapo ndipo tulipoona kitu tulichokipita siku ya kwanza bila kukitambua: miche mitatu ya muringa iliyoota yenyewe, kila mmoja umezungushiwa vijiti ili jembe na mbuzi visiufikie. Tukamwambia, "Mama, kumbe mzee anarudisha miti." Akacheka. "Mzee hajui hata iko mingapi. Vijiti ni vyangu."

Tulimwuliza kwa nini ameihifadhi. Alisema buni za chini ya ule mti uliokatwa zilikuwa zikichelewa kuiva zikawa nzito, na yeye ndiye aliyekuwa akizichuma. Kisha akatuuliza kama ni kweli twaandika magazeti. Tukasema twaandika ukurasa mdogo. Akasema: "Basi andikeni na hili. Hati ya shamba ina jina la mzee, na kadi ya kiwanda ina jina la mzee, na miti hii itakapokuwa mikubwa sijui nitaambiwa nikae wapi."

Tulimwahidi kwamba tutaliandika.